Kasoro za Vimeng'enya vya Ukarabati wa DNA: Mfano wa Watoto wa Mayotte

Katika kisiwa cha Mayotte, ambako wenyeji wengi huzungumza Kimaore, mojawapo ya lugha za Komoro zenye undugu wa karibu na Kiswahili, wapo watoto weusi ambao jua huwadhuru kuliko linavyomdhuru Mzungu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba takribani mtoto mmoja kati ya 5,000 katika jamii hiyo huzaliwa na maradhi ya zeroderma pigmentosamu. Huko Ulaya na Marekani, kadirio ni mtu mmoja kati ya milioni moja. Makala haya yanaeleza chanzo cha maradhi hayo na sababu ya weusi wa ngozi kutotosha kuwakinga watoto hao.

Miale ya urujuanimno iingiapo katika seli za ngozi, huzifanya besi mbili jirani za DNA zishikamane isivyofaa. Besi ni mithili ya herufi za maandishi ya urithi. Herufi zikigandana, seli hukosea inapoyanakili, na makosa yakirundikana huweza kuzaa saratani. Kila atembeaye juani hupatwa na madhara haya kila siku. Kinachomwokoa ni kikosi cha protini, nyingi zikiwa vimeng'enya. XPC hutambua mahali palipopinda. XPB na XPD huzitenganisha nyuzi mbili za DNA. XPF na XPG hukata uzi ulioharibika pande zote mbili za kasoro, na kipande chenye takribani nukleotidi 30 huondolewa. Hatimaye vimeng'enya vingine hujaza pengo na kuliunga. Kwa kweli XPC yenyewe si kimeng'enya kwa maana finyu, kwani kazi yake ni kutambua tu. Lakini asipokuwapo mtambuzi, wenye makasi hawaitwi.

Moriz Kaposi aliyaeleza maradhi haya mjini Vienna katika miaka ya 1870, na jina aliloyapa linaashiria ngozi kavu yenye madoa. Alieleza alichokiona kwa macho. Chanzo kilisubiri hadi mwaka wa 1968, James Cleaver alipogundua kwamba seli za wagonjwa hushindwa kuikarabati DNA iliyopigwa na miale. Aziz Sancar, aliyefafanua hatua za ukarabati huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Modrich alichunguza njia nyingine, ile inayosahihisha makosa ya kunakili. Kasoro katika njia hiyo huleta sindromu ya Lynch, ambayo huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana.

Zeroderma ina aina 8, kutegemea protini iliyoharibika. Ya Mayotte ni ya XPC. Mtoto huugua anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na mama pia, ilhali wazazi wenyewe huwa wazima; kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Hapa ndipo ilipo tofauti na ualbino. Mwenye ualbino amepungukiwa na melanini, yaani mwavuli. Mtoto wa Mayotte anao mwavuli, ila hana fundi, na hakuna mwavuli usiopitisha hata mwale mmoja.

Aina hii ina hila yake. Wagonjwa wa baadhi ya aina nyingine huunguzwa vibaya na jua tangu uchanga, na wazazi wakashtuka mapema. Mtoto mwenye kasoro ya XPC kwa kawaida haungui hivyo. Huanza kuota madoadoa usoni, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka miwili, na macho kukwepa mwanga. Mzazi asiyejua humwacha acheze nje. Kwa wagonjwa walio chini ya miaka 20, hatari ya saratani za ngozi zisizo melanoma huzidi ya watu wengine takribani mara 10,000.

Tiba ya kuiondoa kasoro yenyewe haijapatikana. Uvimbe hukatwa mapema, na mwili hufunikwa: kofia yenye kioo, glavu, miwani, utando wa kuzuia miale madirishani. Wafaransa huwaita wagonjwa hawa watoto wa mwezi, kwa kuwa usiku ndio wakati wao wa kucheza nje. Na kwa kuwa hawaoti jua, vitamini D hulazimika kupewa kama dawa.