Ndizi Mia Mbili na Dizeli ya Kubahatisha: Piga Hesabu Kabla ya Kuondoka

Leo tuache mbolea kidogo, tuongelee mafuta ya gari.

Msimu mmoja nilisindikiza ndizi za kijana mmoja wa hapa Kidodi kwenda Mabibo, Dar es Salaam. Canter ya kukodi, mafuta juu ya mkulima. Nilipouliza kama dizeli inatosha, dereva akanijibu, "Ondoa shaka bwana shamba, hii inafika Morogoro, tutaongeza kule." Mikumi mjini tukaziacha sheli. Saa tatu usiku, katikati ya hifadi, gari likazima.

Pale hushuki ovyo, tembo wanakatiza barabara. Tulilala kwenye kebini. Asubuhi tukapata dizeli, lakini injini ya dizeli ikikauka huvuta hewa, mpaka fundi aitoe ndipo iwake. Mabibo tukafika jioni, wanunuzi wa asubuhi wameshaondoka, ndizi za chini zimepondeka. Kijana alirudi na nauli tu.

Dereva hakudanganya. Alipiga hesabu ya gari tupu, wakati sisi tulikuwa na mzigo.

Fanya hivi:

1. Pima gari lenyewe. Jaza tenki mpaka juu, andika kilomita za kwenye dashibodi. Ukimaliza safari jaza tena mpaka juu. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Pima likiwa na mzigo, kisha likiwa tupu.

2. Gawa safari. Kidodi mpaka Dar ni kama kilomita 340. Tuseme Canter yako ikibeba inakwenda kilomita 5 kwa lita, tupu kilomita 7. Kwenda: 340 gawanya kwa 5, lita 68. Kurudi: 340 gawanya kwa 7, lita 49. Jumla lita 117. Ukitumia ile 7 kwenda na kurudi unapata lita 97 tu. Hizo lita 20 zilizopungua ndizo zinakulaza porini.

3. Ongeza akiba, angalau asilimia 10. Foleni ya kuingia Dar inakula mafuta gari likiwa limesimama. Lita 117 na akiba ya 12, jumla 129.

4. Geuza iwe pesa. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, angalia ya eneo lako. Tuseme lita ni shilingi 3,000: lita 129 ni shilingi 387,000. Kwa mikungu 200, mafuta peke yake ni shilingi 1,935 kwa kila mkungu.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kwenda nayo sokoni. Dalali akitaja bei, wewe unajua mkungu umeshakugharimu kiasi gani barabarani kabla hujahesabu shamba, vibarua na kukodi gari. Ukiambiwa "weka ya laki tu, itatosha", toa daftari kwanza.

Tukutane shambani.