Jani la Mahindi na Amri ya Mwanga

Mche wa mahindi uliochipua chini ya jiwe shambani Bunju huwa wa manjano. Ukifunuliwa juani, baada ya saa chache huanza kugeuka kijani. Jeni, yaani maagizo ya urithi ya kazi hiyo, zilikuwamo tangu mbeguni. Mwanga ndio ulioziamsha.

Hata hivyo, haziamki sawa kila mahali. Seli zinazozunguka mishipa ya jani huunda rubisko, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa sukari. Seli jirani hunasa hewa ya ukaa na kuzipelekea. Kwa mgawanyo huo, mahindi hulitumia vyema jua kali. Mkulima ayapandaye chini ya mwembe huyanyima mwanga huo, na mavuno hupungua.