MOTOKARI MPYA ZENYE SURA YA ZAMANI

Picha moja ilileta mabishano makali katika bweni letu. Ilikuwa picha ya Volkswagen yenye mgongo wa mviringo. Mmoja akasema: «Hii ni Coccinelle, babu yangu alikuwa nayo.» Mwingine akajibu: «Hapana, hii ni mpya kabisa!» Tumeona vema kueleza jambo hili, maana kila mmoja alisema nusu ya kweli.

Coccinelle ya zamani ilitoka Ujerumani. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, ilianza kutengenezwa kwa wingi kule Wolfsburg. Ile ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchi ya Meksiko, mwaka 2003. Zote pamoja zilipita milioni 21. Motere yake ilikaa nyuma, nayo ilipozwa kwa hewa. Maji hayakuweza kuchemka njiani, kwa sababu hayakuwamo!

Mwaka 1998 Volkswagen ilianza kuuza New Beetle. Mgongo ni wa mviringo vilevile. Hata kichombo cha maua kiliwekwa karibu na usukani, kama watu wengine walivyofanya zamani. Lakini tufungue kifuniko cha mbele. Katika ile ya babu tunakuta mizigo na gurudumu la akiba. Katika hii mpya, kumbe, motere iko mbele, inapozwa kwa maji, na mifupa yake ni ya Volkswagen Golf.

Wengine pia walifanya hivyo. Mini ya Uingereza, iliyozaliwa mwaka 1959, ilipata mrithi mwaka 2001, kazi ya BMW. Fiat 500 ya Italia ilitokea tarehe 4 Julai 1957, na mpya ikatokea tarehe 4 Julai 2007, miaka 50 kamili. Ya kwanza haikufika urefu wa mita 3; ya pili inapita mita 3 na nusu.

Kwa nini sura irudi bila mwili wake? Sura inarudi kwa sababu watu wanapenda ukumbusho, na mwenye kiwanda anajua kwamba ukumbusho unauzika. Mwili haurudi kwa sababu sheria za leo zinadai moshi usiwe mchafu, na watu walindwe wakati wa ajali. Tena fundi aliyezoea kutengeneza Coccinelle kwa funguo chache, mbele ya hii mpya anahitaji komputa ya kusoma makosa yake.

Tazameni sasa Renault 5 ya Ufaransa. Ya kwanza ilitoka mwaka 1972, ikanywa mafuta. Ile iliyotoka mwaka 2024 inafanana nayo usoni, lakini inatembea kwa umeme. Ndani ya betri yake mna nikeli, manganizi na kobalti. Na kobalti ya dunia, zaidi ya nusu inachimbwa hapa kwetu Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi.

Basi, ndugu wanafunzi, tusitosheke na sura. Tuulize: ndani mna nini, na kilitoka wapi? Mawe yanatoka kwetu, motokari zinatengenezwa kwa wengine. Yule anayelalamika kwamba saa ya kemia ni ndefu mno, afikiri kidogo juu ya jambo hilo.