Polisi amekufa au amefariki?

Paka wetu alikufa mwezi wa pili, siku ya Jumanne, kabla sijatoka kwenda darasani. Jina lake lilikuwa Polisi, kwa sababu tangu aingie nyumbani panya hawakugusa tena mfuko wa unga. Baba ndiye aliyemleta, akiwa mdogo kama ngumi, ndani ya katoni ya sabuni. Baba alipotutoka, Polisi aliendelea kulala kwenye kiti chake na hakuna aliyemfukuza.

Ilinibidi nimjulishe kaka yangu aliye Kolwezi. Niliandika: «Yaya, Polisi amefariki.» Alipiga simu mara moja akiuliza ni polisi gani, na amepigwa risasi wapi. Nilicheka, halafu nikalia.

Jina lilimpotosha, lakini kitenzi ndicho kilichomtisha. Kufariki kumetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kutengana. Kuaga dunia nako kunadai mwenye kuaga. Vitenzi hivi Kiswahili kimewawekea watu. Mnyama hufa, basi. Ukisema «amekufa» juu ya mzee wa watu, wasikilizaji watakukunjia uso. Baada ya kifo njia zinazidi kuachana: mtu huacha maiti, akazikwa; mnyama huacha mzoga, ukafukiwa au ukatupwa. Kifaransa nacho kina crever, ambacho kwa mtu ni kama tusi. Kinyarwanda kimeongeza ngazi: mfalme aliambiwa gutanga, mtu huheshimiwa kwa kwitaba Imana, yaani kumwitikia Mungu, na ng'ombe hubaki na gupfa.

Hata hivyo washairi wamevuka mpaka huo zamani. Mwaka 1558 Joachim du Bellay alichapisha shairi refu la kumlilia paka wake Belaud, akaliita épitaphe, neno la makaburi ya watu. Hakuomba radhi kwa wasomaji, au kama aliomba, alikuwa anatania.

Mimi nilijaribu kutania nyumbani, nikasema «marehemu Polisi». Mama, aliyekuwa akimenya mihogo, aliweka kisu chini. «Marehemu katika nyumba hii ni mmoja.» Mama hajasoma Kiarabu, lakini alilisikia neno kuliko mimi: marehemu ni aliyerehemiwa, ndani yake mna dua, na dua ile tayari ilikuwa na mwenyewe. Niliomba msamaha.

Jambo lililonisumbua zaidi ni dogo. Mdogo wangu alizunguka uani akilia «paka yangu, paka yangu». Nilikaribia kumsahihisha (ndiyo ugonjwa wetu sisi wa fakulte). Sarufi sanifu inataka paka wangu, kwa kuwa viumbe hai huchukua upatanisho wa m-/wa-. Lakini sarufi hiyohiyo inasema mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu. Kwa hiyo kosa la mtoto lilimtoa paka miongoni mwa mbuzi na kuku, likamketisha pamoja na jamaa. Nisivute kamba mno: hapa Lubumbashi yangu hubandikwa kila kitu, hata mutoto yangu, na mdogo wangu hakuwa anafikiria ngeli. Profesa wangu atasema hoja haina miguu. Sawa, lakini sikumsahihisha.

Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza nani atakuja kwenye kilio cha paka. Hakuna aliyekuja. Tulichimba shimo mimi na mdogo wangu, tukamfunga Polisi katika kipande cha kitenge kilichochakaa, tukarudisha udongo. Mama hakutoka nje.

Usiku, wakati wa kula bukari, kile kiti kilikuwa kitupu na wote tulikuwa tukikikwepa kwa macho. Mama aliuliza bila kuinua kichwa:

«Mulimuzika wapi?»

Alisema kuzika. Nilimjibu kwamba ni chini ya mwembe, upande wa kivuli.