Mbolea ya ruzuku na kizibo cha soda

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limebonyea ubavuni. Bibi shamba alilitoa kwenye mkoba wa pikipiki, akalitikisa, likalia kama kayamba. Ndani mlikuwa na vizibo vya soda, vya bati, vingine vimepinda kidogo pale kifungulio kilipouma. Huvikusanya kwenye baa za barabara kuu ya kwenda Tunduma, anaviosha, na kila anayehudhuria mafunzo yake huondoka na kimoja mfukoni.

Nilikuwa nimekwenda mkoa wa Songwe kuandika habari za mbolea ya ruzuku: foleni kwa wakala, mtandao kugoma, mzigo kuchelewa. Ni habari zinazojulikana, na kila msimu huandikwa upya kwa tarehe mpya. Niliziandika daftarini kama kawaida. Lakini jioni yake nilichokuwa nikikifikiria ni lile kopo.

Kizibo chenyewe ni kile kinachofunga chupa ya kioo. Kina meno 21, ukipata muda wa kuyahesabu. Aliyekibuni ni William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1892, na hakuna dalili kwamba aliwahi kuwaza mahindi. Mbolea ilikuja kukikuta baadaye. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa inayoshughulika na mazao ya nchi kame, walikieneza huko Niger na Zimbabwe wakiwafundisha wakulima wasio na uwezo wa kununua mbolea nyingi kwamba kidogo kikiwekwa palepale kwenye shimo hufanya kazi kuliko kingi kilichorushwa shamba zima. Kwetu kimeingia kimyakimya, kwa maafisa ugani na kwa mashamba darasa, hadi leo mkulima wa Nyanda za Juu Kusini akiulizwa anatia mbolea kiasi gani, hatasema gramu. Atasema kizibo.

Bibi shamba alinikalisha kwenye gogo pembeni ya shamba la mfano akanipigia hesabu. (Ameomba nisimtaje jina, mtumishi wa umma hasemi na mwandishi bila kibali.) Kamba yake ina fundo kila sentimita 60. Hapo ndipo shimo linapochimbwa. Kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni sentimita 75, na kila shimo linapokea mbegu mbili. Kwa nafasi hiyo, ekari moja inakula mashimo yanayokaribia 9,000. Kila shimo kizibo kimoja cha DAP, mbolea ya kupandia, gramu tano hivi. Zidisha. Unapata kilo 45, na mfuko wa mbolea una kilo 50.

Nilirudia hesabu ile mara ya pili kwa simu yangu, naye akacheka. Kumbe mfuko, ekari, kamba na kizibo vilikuwa vinajuana muda wote. Kilo tano zinazobaki, anasema, ni za upepo, za mkono unaotetemeka, na za mtoto aliyepiga teke ndoo.

Ukitazama anavyofundisha utadhani anafundisha kupika. Anachuchumaa, anachota, anapitisha kidole cha shahada juu ya kizibo. Kijae, kisifanye kilima. Anamwaga shimoni, anafukia kwa udongo kidogo, anaugandamiza kwa vidole viwili, ndipo anadondosha mbegu, kisha udongo tena. Mbegu ikilalia mbolea tupu inaungua, na mkulima atakwenda dukani kumlaumu muuza mbegu. Baada yake, kila mtu anafanya mbele ya wenzake. Kina mama wanashika haraka. Wanaomsumbua, anasema, ni wenye mashamba makubwa kidogo ambao hawapandi wenyewe.

"Kibarua analipwa kwa ekari. Wewe ungechukua kizibo?"

Kibarua huchukua konzi. Ngumi ya kijana wa miaka 20 na ngumi ya mama mtu mzima si kipimo kimoja, na ngumi ya saa mbili asubuhi si ile ya saa saba mchana. Mwenye shamba amekaa kivulini, mfuko unaisha, mistari 30 haijaguswa. Jioni anampigia simu bibi shamba: mbolea ya Serikali haitoshi ekari, mmetupunja kilo.

Historia ya mfuko wenyewe tuipitie kwa haraka. Mwaka 2008 ilikuja vocha ya karatasi: ekari moja, mbolea ya kupandia, ya kukuzia na mbegu, Serikali ikilipa nusu ya bei. Vocha nyingine ziliishia mikononi mwa watu wasio na hata tuta la mchicha. Mpango ukafifia. Kisha vita vya Ukraine vikaikuta bei ya mbolea tayari imepaa, ikapaa zaidi, na tarehe 8 Agosti 2022, kwenye kilele cha Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ruzuku mpya iliyotengewa Sh150 bilioni. DAP iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya Sh120,000 ikashuka hadi Sh70,000 kwa mfuko. Karatasi ikaondoka, ikaja namba. Mkulima anajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, anataja ekari zake, namba inaingia kwenye simu, na wakala anauza kwa namba hiyo huku akipiga picha alama iliyobandikwa kwenye mfuko ili mfumo ujue mfuko gani umechukuliwa na nani.

Kwa maneno mengine, mfuko unafuatwa tangu bandarini hadi kwenye kaunta ya wakala. Ukishapandishwa kwenye bodaboda, hakuna tena anayeufuata. Hapo ndipo kizibo kinapoanza kazi.

Nimemuuliza bibi shamba kama katika fomu anazojaza kuna mahali pa kuandika ni wakulima wangapi wanapima mbolea. Alifikiri. Kuna mahali pa idadi ya waliofundishwa, akasema, na pa idadi ya mifuko. Waliofundishwa anawajaza kwa mahudhurio: aliyekuja, akasaini, akanywa chai. Kama nyumbani alirudi kwenye konzi, fomu haina habari.

Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo hasa lililonifanya niache foleni na kuandika haya. Soda za kioo zinapungua. Duka la kijijini sasa linauza zaidi chupa za plastiki, mteja anakunywa na kwenda nayo. Kizibo cha plastiki ni kirefu, kina kuta, kinaingia kidole hadi kiungo cha kwanza. Msimu mmoja bibi shamba alishangaa kuona watu aliowafundisha mwenyewe, wenye kizibo mkononi na kamba imenyooka, mbolea inawaishia katikati ya shamba. Alikwenda kwa rafiki yake anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, akaazima mizani, akapima vizibo vyote viwili. Cha plastiki kilibeba karibu mara mbili.

"Mimi nilisema kizibo cha soda," anasema. "Na wao walitumia kizibo cha soda. Nani mwongo hapo?"

Tangu hapo anatembea na kopo. Mwenye baa mmoja alimwuliza kama amefungua biashara ya vyuma chakavu.

Msaada kwa mkulima, ukiuorodhesha ofisini, ni mrefu. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilitoka Sh294 bilioni mwaka 2021/22 ikafika Sh970 bilioni miaka miwili baadaye. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ilifungua milango mwaka 2015, na baadaye ikaanza kuzidhamini benki nyingine ili zikopeshe wakulima. Benki kubwa nazo zilishusha riba ya kilimo hadi chini ya asilimia 10. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kuna BBT, mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo, na mashamba makubwa ya pamoja Dodoma. Bibi shamba anaifahamu orodha hii kwa sababu yeye ndiye anayeombwa kuieleza. Mwenye kikundi anataka aandikiwe andiko, mwenye andiko anataka amwulizie benki kwa nini hati ya kimila haikukubaliwa, mwenye mkopo anataka mvua.

Pikipiki aliyonayo ilitoka kwenye mgawo wa mwaka 2022, Serikali ilipogawa maelfu kwa maafisa ugani. Anaisifu kwa moyo. Kabla yake alikuwa anadandia lifti za maroli ya mkaa. Mafuta ya kuiendesha ni habari nyingine. Yakichelewa huweka ya mfukoni, au anapanga ratiba ili vijiji vya mlimani vifundishwe siku moja. Vijiji vyake ni vingi kuliko siku za kupanda. Mvua za huku huanza Novemba, na mkulima akishapanda, somo la kizibo halina maana hadi mwakani. Dirisha lake la kazi ni wiki chache, na ndizo hizohizo ambazo mtendaji anamtaka akahakiki majina, wakala anamtaka athibitishe mfuko, na wilayani wanataka taarifa ya maendeleo ya ruzuku, kwa idadi ya mifuko.

Tulipokuwa tunakusanya kamba aligusia jambo ambalo halipendi. Ana wasiwasi na DAP yenyewe. Udongo wa sehemu nyingi za nyanda hizi una tindikali, na mbolea zenye amonia, DAP ikiwamo, zikitiwa mwaka hadi mwaka huiongeza. Kuna mashamba ambayo angewaambia waanze na chokaa, au watumie fosfeti ya Minjingu inayochimbwa Manyara, ambayo katika udongo wa namna hiyo inafanya vizuri. Lakini mkulima amesimama foleni tangu alfajiri, namba imekubali, ametoka na DAP ya ruzuku. Ukimwambia kwamba udongo wake ulitaka kitu kingine, unamwambia nini hasa? Je, vifaa vya kupima udongo vinapaswa kutangulia foleni, au kuifuata? Na yule ambaye hana bei ya mfuko mzima kwa mkupuo, anayenunua kilo mbili mbili kwenye kisado sokoni kwa bei isiyo na ruzuku, yumo kwenye mpango wa nani?

Kisha akanipeleka kwa mzee.

Mzee ni mmoja wa waliotumia vizibo vya plastiki. Ameandikishwa ekari moja, akachukua mfuko mmoja wa kupandia, na mfuko ukaisha karibu na mti wa mparachichi, yaani nusu ya shamba. Sehemu iliyobaki alipanda bila mbolea. Bibi shamba alimsalimia shikamoo, akakaa kwenye kigoda, na kwa adabu yote akaanza tena: mzee wangu, chukua hiki cha bati, ukijaza hivi, mfuko utafika hadi kwenye mpaka wa jirani.

Mzee alikipokea kizibo, akakigeuza, akakitazama meno. Akasema amesikia. Ila bibi shamba na amwambie jambo moja: kuvuna nusu ekari ya mahindi yale marefu na kuvuna ekari ya mahindi ya kawaida, kwa mtu wa umri wake mwenye mgongo huu, kazi ipi ni nyepesi? Palizi ipi ni fupi? Nusu ile ya mparachichi alivuna magunia ambayo, kwa kumbukumbu yake, shamba zima halikuwahi kumpa. Msimu ujao atapanda hapo tu, kwa kizibo chake cha plastiki. Nusu nyingine amemkodishia mkwewe.

Bibi shamba alifungua daftari. Alitaka kumweleza kwamba mbolea ikizidi, kila kizibo cha ziada kinarudisha mahindi machache kuliko cha kwanza, na kwamba kwenye ekari nzima angepata zaidi kwa mfuko uleule. Alianza kueleza, akaishia njiani, kwa kuwa mzee hakuwa ameuliza habari za mahindi. Alikuwa ameuliza habari za mgongo.

Halafu kukawa na suala la daftari la kijiji, ambamo mzee anasomeka ana ekari moja. Mkwe, kwa nusu aliyokodi, hana namba. Mtendaji atafungua uhakiki kabla ya mvua. Bibi shamba aliandika kitu kwa penseli, akafuta, akamwuliza mzee kama makubaliano na mkwewe yameandikwa popote.

"Ni mkwe wangu," mzee akasema. "Tuandikishane nini?"