Magari ya mtumba mjini Durban: makaratasi kwanza, injini baadaye

Wanunuzi kutoka Zambia, Malawi, Zimbabwe na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamekuwa wakifunga safari hadi Durban, Afrika Kusini, kutafuta gari lililotumika. Baadhi hurejea na gari. Wengine hupoteza gari pamoja na akiba ya miaka mingi, si kwa sababu injini ilikuwa mbovu, bali kwa sababu hawakuelewa karatasi waliyotia saini.



Mgeni anayefika Durban kwa mara ya kwanza hukuta jambo la kustaajabisha. Katika yadi za mji huo yamepangwa magari mengi kutoka Japani, na bei zake huonekana nafuu kuliko zile za magari yanayouzwa mitaani. Lakini mkazi wa kawaida wa Durban hawezi kununua gari hilo na kuliendesha kwenda kazini. Gari liko Afrika Kusini, ila kisheria bado halijaingia Afrika Kusini.

Sababu ni sera ya viwanda. Afrika Kusini huunda magari yake yenyewe. Kiwanda kikubwa cha Toyota kiko Prospecton, kusini mwa Durban, na makampuni mengine yana viwanda katika maeneo ya Pretoria na katika jimbo la Rasi ya Mashariki. Ili kuvilinda viwanda hivyo na ajira zake, serikali huzuia uingizaji wa magari yaliyotumika kwa ajili ya soko la ndani. Anayetaka kuingiza gari la namna hiyo hana budi kupata kibali cha Tume ya Usimamizi wa Biashara ya Kimataifa, inayojulikana kwa kifupi ITAC, na kibali hutolewa kwa watu wachache tu. Miongoni mwao ni wahamiaji waliopewa ukaazi wa kudumu na raia wanaorejea nyumbani kutoka ng'ambo, ambao sharti wawe wamelimiliki gari hilo huko walikotoka kwa muda usiopungua miezi 12.

Kwa nini, basi, magari ya Kijapani yamejaa bandarini? Jibu ni kwamba Durban ni lango la nchi nyingi zisizo na bahari. Nchini Japani gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wenye magari wengi kuyauza yangali na nguvu. Kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani wa magari yao hufaa Zambia, Malawi na Zimbabwe, kama unavyofaa Tanzania, Kenya na Uganda.

Magari hayo yakishashushwa melini huwekwa chini ya dhamana ya forodha. Maana yake ni kwamba ushuru wa Afrika Kusini haujalipwa, na hautadaiwa mradi gari litoke nchini. Ndiyo maana aghalabu hupakiwa juu ya lori la kubebea magari, likapita Johannesburg hadi Beitbridge, kwenye mto Limpopo, mpakani mwa Zimbabwe. Anayekwenda Zambia huendelea hadi Chirundu, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2009, au hupitia Botswana na kuvuka daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwaka 2021. Wa Lubumbashi ana safari ya zaidi ya kilomita 2,500 kabla ya kuuvuka mpaka wa Kasumbalesa.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kwanza. Wako madalali wanaomshawishi mgeni anayeishi Durban, pengine mkimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, kwamba gari la yadi linaweza kusajiliwa katika nchi jirani na kurudishwa kinyemela. Gari la aina hiyo ni la magendo. Sheria ya forodha ya mwaka 1964 inawapa maafisa mamlaka ya kulikamata popote wanapolikuta, hata kama aliyeshika usukani amelilipia kikamilifu na kwa nia njema. Dalali aliyepokea fedha hatakuwapo siku hiyo.

Hatari ya pili inahusu magari yaliyosajiliwa Afrika Kusini kwenyewe. Haya mgeni anaweza kuyanunua, lakini cheti chake cha usajili kina jambo ambalo wengi hulipita bila kulisoma. Cheti humtofautisha mwenye hati miliki na mwenye kulitumia gari. Gari likiwa limenunuliwa kwa mkopo, mwenye hati miliki huwa ni benki mpaka deni liishe. Anayekuuzia gari hilo anakuuzia kitu kisicho chake, ijapokuwa jina lake limo katika cheti.

Aidha, kuna wizi. Kaskazini mwa jimbo la KwaZulu-Natal, eneo la Manguzi karibu na Kosi Bay limekuwa njia ya kuvushia magari ya wizi hadi Msumbiji, kiasi kwamba mamlaka zililazimika kuweka vizuizi vya zege mpakani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mnunuzi apeleke gari polisi. Kitengo cha uhakiki wa magari hulinganisha namba ya chasisi na namba ya injini na kumbukumbu za magari yaliyoibwa. Hati ya polisi ndiyo itakayoulizwa mpakani, na muuzaji anayeikwepa hatua hiyo amekwisha kukupa jibu.

Hatari ya tatu iko nyumbani kwa mnunuzi. Kila nchi ina sheria yake kuhusu umri wa gari. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Zimbabwe, tangu mwaka 2021, huyazuia magari madogo yaliyofikisha miaka 10 kuingizwa bila leseni maalumu. Tanzania huyatoza magari yaliyozeeka kodi ya ziada ya uchakavu. Nako Kongo magari huendeshwa upande wa kulia, hivyo mnunuzi wa Lubumbashi aulize kwanza iwapo usukani wa kulia utaruhusiwa kusajiliwa. Gari la bei rahisi Durban laweza kugeuka ghali mno mpakani, na huko hakuna wa kurejeshewa.

Basi, msikilizaji, utaratibu ulio salama ni huu. Kwanza, piga hesabu ya ushuru na kodi za nchi yako kabla ya kupanda basi. Pili, uliza kama gari liko chini ya dhamana ya forodha au limesajiliwa nchini, maana njia zake ni mbili tofauti. Tatu, soma namba ya chasisi kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi pekee, kisha uzilinganishe. Nne, lipa kwa akaunti ya kampuni na udai stakabadhi, usimkabidhi mtu fedha taslimu barabarani. Tano, tumia wakala wa forodha mwenye leseni, na uitunze karatasi yenye mhuri unaothibitisha kwamba gari limetoka Afrika Kusini. Bila mhuri huo, kwa macho ya forodha gari lingali Durban na ushuru wake unadaiwa.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Fundi hodari aweza kukuambia kwa dakika chache kama injini ni nzima. Lakini injini mbovu hutengenezwa. Gari lililotaifishwa halirudi. Siku moja zaidi ya kungoja hati mjini Durban ni gharama ndogo kuliko kusimama Beitbridge ukitazama gari lako likiingizwa katika yadi ya serikali.