Gari la Nyumbani Lataka Injini Gani?

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii ilinijia juma lililopita, mpwa wangu aliponikuta barazani baada ya sala ya Isha. Kijana huyu amerudi kutoka Dubai, alikofanya kazi miaka sita, na fedha alizodunduliza ataka kununulia motokaa.

"Mjomba," akaniambia, "mimi nataka gari la turbo. Lisilo na turbo kwangu si gari."

Nikamsogezea kikombe cha kahawa, nikamwuliza, "Gari lenyewe litambeba nani?"

Akajibu kwamba litambeba mkewe, watoto watatu, na mamake. Mamake ni dada yangu. Anakaa Mtwapa, na mara mbili kila juma hana budi kuletwa hospitali Mombasa.

Magari anayoyafikiria ni yale ya jamaa, yaliyoinuka kidogo kutoka ardhini: Subaru Forester, Mazda CX-5, Nissan X-Trail, Toyota RAV4 na Honda CR-V. Mengi yao hushushwa Kilindini yakiwa yametumika Japani, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita umri wa miaka minane.

Yafaa kwanza tujue turbo ni kitu gani. Injini hula hewa na mafuta. Turbo ni mapangaboi mawili madogo juu ya mhimili mmoja. La kwanza huzungushwa na moshi unaotoka injinini, na la pili huishindilia injini hewa. Hewa ikizidi, mafuta nayo huweza kuzidishwa, na injini ndogo ikafanya kazi ya kubwa. Aliyeipatia hataza mwaka 1905 ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi.

Tazama mifano ya soko la Japani. X-Trail ya lita 2.0 isiyo na turbo ina nguvu za farasi 147. CR-V ya mwaka 2018, yenye injini ya lita 1.5 tu lakini ina turbo, ina 190. Forester nayo ina fumbo lake. Ile ya mwaka 2018 ya lita 2.5, isiyo na turbo, ina nguvu za farasi 184. Ile ya lita 1.8 yenye turbo, iliyotoka mwaka 2020, ina 177. Mtu atadhani ya kwanza ni bora. Lakini nguvu ya kuvuta ya ile ya kwanza ni 239 kwa kipimo cha nyutoni-mita, na ya pili ni 300, tena huipata injini ikiwa bado yazunguka polepole. Ndiyo sababu gari la turbo hupanda mlima limejaa watu bila ya kulia.

Na mlima una siri nyingine. Hewa ya Mombasa ni nzito, maana tuko usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi. Huko injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha sehemu 15 katika kila 100 za nguvu zake. Ya turbo hulifidia pengo hilo kwa kushindilia hewa zaidi. Kwa hivyo anayeishi bara ana sababu nzuri ya kuitaka. Lakini wa Mtwapa, apitaye Nyali kwa mwendo wa kinyonga, ataipanda milima ipi?

Hapo nikamsimulia yaliyonifika mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na gari la turbo, nami nikilijua kwa mbio zake tu. Oili nilichelewa kubadilisha, na nikifika safari, nazima injini papo hapo ingali moto. Asubuhi moja, nikiwa Nairobi, nikapigiwa simu kwamba ami yangu amefariki Mombasa, atazikwa baada ya Alasiri. Nikaondoka mbio. Karibu na Mtito Andei moshi wa buluu ukatanda nyuma, gari likaishiwa na nguvu. Nilifika Mombasa kwa basi, Maghrib imekwisha kuswaliwa, na watu washarudi makaburini.

Kosa lilikuwa langu, si la turbo. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao hulainishwa na oili ile ile ya injini. Oili ikichakaa, mhimili huliwa. Baada ya mwendo mkali, iache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Tena baadhi ya injini za turbo hutaka petroli ya oktani ya juu. Soma maandishi kwenye kifuniko cha tangi.

Mpwa wangu akauliza, "Na ile CX-5 ya dizeli, mjomba?" Ni kweli, injini yake ya lita 2.2 huvuta sana. Lakini dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi, ambacho hujisafisha injini ikipata moto wa safari ndefu. Safari fupi fupi za mjini hukiziba.

Akanyamaza kitambo, kisha akasema atatafuta gari lisilo na turbo, na fedha zitakazobaki aziweke akiba ya oili na matairi. Sikumlazimisha. Kama angekuwa anahamia Nakuru, ningemshauri vingine.

Asubuhi yake dada yangu akanipigia simu. Hakuuliza habari za farasi wala turbo. Aliuliza kama gari hilo lina mlango mpana, na kama litawaka kila Jumatatu na Alhamisi.